Uzi: Nishati ya seli na utando wake ni habari moja, si mbili

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu.

Nimefundisha baiolojia kwa miaka mingi, na karibu kila mwaka nakutana na jambo lile lile. Mwanafunzi anaweza kueleza bila kusitasita jinsi glukosi inavyovunjwavunjwa ndani ya seli hadi ikatoa nishati, na anaweza vilevile kueleza osmosisi (maji kuvuka utando kuelekea palipo na vitu vingi vilivyoyeyuka) na usafirishaji amilifu (kuvusha vitu kwenye utando kwa kutumia nishati). Lakini ukimuuliza mambo hayo mawili yanahusianaje, hana la kusema. Simlaumu, kwa kuwa vitabu vingi vinayaweka katika sura mbili zilizo mbalimbali, na baina ya sura hizo hupita majuma kadhaa ya masomo mengine. Nimeanzisha uzi huu ili nieleze kwamba habari hizo mbili ni moja: seli hutumia nishati ili pande mbili za utando wake zisilingane, na kutolingana huko huko ndiko kunakoipatia seli sehemu kubwa ya nishati yake.

Nianze na utando wenyewe. Unene wake ni nanomita 5 hadi 8 tu, kiasi kwamba inabidi upange tando elfu kumi na zaidi, moja juu ya nyingine, ndipo ufikie unene wa karatasi ya daftari. Mwaka 1925 wanasayansi wawili wa Uholanzi, Gorter na Grendel, walichukua chembe nyekundu za damu, wakayatoa mafuta ya tando zake, wakayatandaza juu ya maji hadi yakawa tabaka la molekuli moja, kisha wakapima eneo lake. Wakakuta ni karibu mara mbili ya eneo la chembe zenyewe, wakahitimisha kwamba utando una matabaka mawili. Baadaye ilibainika kwamba mafuta hawakuyatoa yote, na kwamba eneo la chembe nalo walilikadiria pungufu. Makosa hayo mawili yakafutana, na jibu lao likabaki sahihi hadi leo.

Matabaka hayo yameundwa hasa kwa fosfolipidi, molekuli yenye kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Vichwa huelekea nje na ndani ya seli, ambako kuna maji, na mikia hukutana katikati. Hapo katikati ndipo ninapowaomba mpatazame kwa makini. Oksijeni na kaboni dioksaidi, kwa kuwa ni molekuli ndogo zisizo na chaji, hupita kwenye mafuta hayo bila shida. Ioni ya sodiamu, yaani atomi yake yenye chaji ya umeme, haipiti. Ioni ikiwa majini huzungukwa na molekuli za maji zilizoigeuzia upande wao wenye chaji hasi, na ili iingie kwenye mafuta haina budi kuyavua maji hayo, jambo linalohitaji nishati nyingi kupita ile inayopatikana katika mtikisiko wa kawaida wa joto la mwili. Kwa hiyo ioni hubaki upande zilipo. Wengi tumezoea kuuita utando mlango wa seli. Mimi naona ni sahihi zaidi kuufikiria kwanza kama ukingo wa bwawa, kwa sababu bila ukingo usiovuja maji ya juu na ya chini yatakuwa sawa, na maji yaliyo sawa hayasukumi kitu.

Basi ni nini kinachojaza bwawa hilo? Katika seli za wanyama, kazi kubwa inafanywa na protini inayoitwa pampu ya sodiamu na potasiamu, ambayo Jens Skou wa Denmark aliitambua mwaka 1957 alipokuwa akichunguza mishipa ya fahamu ya miguu ya kaa. Nje ya seli zetu sodiamu ni takriban milimoli 145 kwa lita, na ndani ni 12 hivi. Potasiamu ni kinyume chake, takriban 140 ndani na 4 au 5 tu nje. Tofauti hizo hazikujileta, na pampu zikisimama zitatoweka taratibu, kwa kuwa hakuna ukingo usiovuja hata kidogo.

Tuitazame pampu hiyo kwa karibu, hatua kwa hatua, maana ni hapa ambapo maneno "hutumia ATP", yaani molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, hupata maana. Mwanzoni protini imefunguka upande wa ndani, ikiwa na nafasi tatu zinazoshika sodiamu vizuri. Ioni tatu za sodiamu zikishakaa, ATP huja na kukabidhi fosfati yake moja, ambayo hujishika kwenye protini yenyewe. Fosfati hiyo yenye chaji hubadilisha mvuto wa sehemu zilizo jirani nayo, na protini nzima hujikunja upya: upande wa ndani hufunga, upande wa nje hufunguka, na zile nafasi zilizoishika sodiamu kwa nguvu sasa zinaishika kwa ulegevu. Sodiamu zinaondoka. Umbo hili jipya linaipenda potasiamu, kwa hiyo ioni mbili za potasiamu huingia; kuingia kwake husababisha fosfati ing'olewe, protini inarudi katika umbo lake la kwanza, na potasiamu zinaachiwa ndani. Kila ATP moja imetoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili. Hakuna mahali popote katika mzunguko huo ambapo nishati "inamwagwa" ili isukume ioni kama upepo unavyosukuma tanga. Nishati imetumika kulazimisha maumbo mawili ya protini yafuatane kwa mpangilio mmoja tu, bila kurudi nyuma.

Kazi hii ni ghali. Mwili uliopumzika hutumia takriban robo au moja ya tano ya nishati yake kuendesha pampu hizi peke yake. Ubongo, ambao ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yote ya mwili uliopumzika, na sehemu kubwa ya matumizi hayo huenda katika kurudisha ioni mahali pake baada ya kila ishara ya neva.

Kwa nini seli ikubali gharama hiyo? Sababu ya kwanza ni maji. Ndani ya seli mna protini na molekuli nyingine nyingi zisizoweza kutoka, na kwa osmosisi maji huvutwa kuzifuata. Chembe nyekundu ya damu ukiitumbukiza katika maji matupu utaiona kwenye hadubini ikivimba, ikipoteza ule umbo wake wa kibonyeo, ikawa duara, kisha ikapasuka. Mimea na bakteria wana ukuta mgumu unaoizuia seli isivimbe kupita kiasi. Seli zetu hazina ukuta huo. Kinga yake ni kuifukuza sodiamu nje bila kuchoka, ili idadi ya chembe zilizoyeyuka nje ilingane na ile ya ndani. Sababu ya pili ni kwamba sodiamu iliyorundikwa nje ni akiba. Ukiifungulia njia nyembamba ya kurudi ndani, inaweza kuvuta kitu kingine pamoja nayo, na seli kama za utumbo na za figo hupata glukosi na amino asidi kwa njia hiyo.

Neno moja kuhusu njia hizo, kwa sababu uchaguzi wake unanishangaza kila ninapoufikiria. Mwaka 1998 Roderick MacKinnon na wenzake walionyesha umbo la mfereji wa potasiamu wa bakteria, yaani protini yenye tundu linalovuka utando. Mfereji huo huruhusu ioni za potasiamu zipite kwa mamilioni mengi katika sekunde moja, lakini huikataa sodiamu kiasi cha kupitisha moja tu kwa kila potasiamu elfu kumi au zaidi, ilhali sodiamu ndiyo iliyo ndogo. Kubwa inapita na ndogo inazuiwa. Sababu ni kwamba sehemu nyembamba ya mfereji imezungukwa na atomi za oksijeni zilizopangwa kwa umbali ule ule ambao maji huizunguka potasiamu. Potasiamu ikivua maji yake hupokewa na oksijeni hizo bila kupoteza chochote. Sodiamu, kwa udogo wake, haizifikii zote, kwa hiyo inaona heri kubaki na maji yake. Peter Agre, aliyegundua mfereji wa maji unaoitwa akwaporini, alituzwa Nobel ya Kemia pamoja na MacKinnon mwaka 2003. Akwaporini moja hupitisha takriban molekuli bilioni 3 za maji kwa sekunde na huku inazuia protoni, yaani ioni za hidrojeni, nanyi mtaona hivi punde kwa nini kuzuia protoni ni jambo la kufa na kupona.

Sasa tugeuke upande wa pili: ATP inatoka wapi? Mwili wa mtu mzima una ATP isiyozidi robo kilo kwa wakati wowote, na bado kwa siku moja hutumia kiasi kinachokaribia uzito wa mwili wenyewe. Maana yake kila molekuli hutumika na kuundwa upya mamia ya mara kwa siku. Kufikia miaka ya 1950 ilikuwa imejulikana kwamba chakula kinapounguzwa ndani ya mitokondria, vile viungo vidogo vya seli vinavyotengeneza ATP nyingi, elektroni zake hukabidhiwa kutoka protini moja hadi nyingine mpaka zifike kwenye oksijeni, na kwamba ATP hutokea katika mchakato huo. Kilichokosekana ni kiungo. Wanakemia wengi hodari waliitafuta kwa miaka mingi molekuli fulani yenye nishati nyingi ambayo ingebeba nishati kutoka kwenye elektroni hadi kwenye ATP, na hawakuipata.

Mwaka 1961 Peter Mitchell wa Uingereza alisema kwamba hawakuipata kwa sababu haipo. Kiungo, kwa hoja yake, ni utando. Elektroni zinapopita, protini hizo husukuma protoni kutoka ndani ya mitokondria hadi upande wa pili wa utando wake wa ndani, na protoni hizo zikitaka kurudi hazina njia ila kupitia kimeng'enya, yaani protini inayoendesha mmenyuko wa kemia, kinachotengeneza ATP. Ni bwawa lile lile nililolitaja, ila sasa maji yake ni protoni. Wengi walimpinga. Mwaka 1966 Jagendorf na Uribe walichukua tando za kloroplasti, sehemu ya seli ya mmea inayonasa mwanga, wakaziloweka gizani katika maji yenye asidi ya pH 4 (pH ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi) mpaka asidi ikaingia ndani, kisha wakazihamishia ghafla katika maji ya pH 8. ATP ikatengenezwa gizani, bila mwanga na bila mtiririko wa elektroni unaoendeshwa na mwanga, kwa tofauti ya asidi peke yake. Mwaka 1974 Racker na Stoeckenius wakaenda mbali zaidi: walitengeneza vifuko vidogo kwa mafuta ya soya, wakatia humo pampu ya protoni inayoendeshwa na mwanga kutoka kwa kiumbe kidogo kipendacho chumvi, na kimeng'enya cha ATP kutoka moyo wa ng'ombe. Vitu hivyo viwili havikuwahi kukutana katika maumbile. Walipovimulika, ATP ikaundwa. Mitchell alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1978.

Kimeng'enya chenyewe ni mtambo unaozunguka. Protoni zinazorudi huzungusha gurudumu la protini lililomo katika utando. Gurudumu huzungusha mhimili. Mhimili huzipindapinda sehemu tatu za kichwa cha kimeng'enya, na kila mzunguko mmoja hutoa ATP tatu. Mwaka 1997 watafiti wa Japani walibandika uzi wa aktini, protini ndefu kama kamba, kwenye mhimili huo, wakautazama kwa hadubini, wakauona ukizunguka kwa macho yao. Katika mitokondria za wanyama gurudumu lina sehemu 8, kwa hiyo protoni 8 hutoa ATP 3.

Ninakaribisha maswali na masahihisho.

Mchangiaji wa kwanza

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita. Kitabu kimoja kinasema glukosi moja hutoa ATP 38, kingine kinasema 36, na maelezo niliyoyasoma mtandaoni yanasema 30 au 32. Niandike ipi?

Mwanzisha uzi

Marahaba, mwanangu. Katika mtihani andika ile inayotumiwa na mtaala wako, lakini ujue kwa nini namba zinatofautiana, kwa kuwa jibu lake lipo katika utando.

Zile 38 na 36 zilihesabiwa wakati watu walipodhani kwamba kila NADH hutoa ATP kamili tatu, na kila FADH2 mbili; hizo ni molekuli zinazobeba elektroni za chakula. Baada ya Mitchell tukajua kwamba kinachohesabiwa ni protoni, na protoni hazilazimiki kugawanyika sawasawa. Tena, si protoni zote huenda kwenye kimeng'enya cha ATP. ATP hutengenezwa ndani ya mitokondria ilhali wateja wake wengi wako nje, kwa hiyo inabidi itolewe, na ADP (ATP iliyopoteza fosfati moja) pamoja na fosfati ziingizwe. Biashara hiyo yote hulipiwa kwa ule ule mteremko wa protoni. Ukijumlisha gharama hiyo unapata karibu protoni 4 kwa kila ATP. Elektroni za NADH moja husukuma protoni 10, za FADH2 husukuma 6. Gawa kwa 4 na utapata 2.5 na 1.5. Glukosi moja hutoa NADH 10 na FADH2 2, yaani 25 na 3, ukiongeza ATP 4 zinazopatikana moja kwa moja utafika 32. NADH mbili zinazozaliwa nje ya mitokondria haziwezi kuvuka utando wa ndani. Elektroni zake huvushwa kwa njia tofauti kulingana na aina ya seli, na njia moja hupoteza kidogo, ndiyo maana wengine husema 30. Hata hizo ni namba za juu, kwa kuwa protoni nyingine huvuja zikarudi bila kufanya kazi.

Umeona basi kwamba hata hesabu ya nishati haiwezi kufungwa bila kuuliza nini kinavuka utando na kwa gharama gani.

Mchangiaji wa pili

Naomba kumpinga mwanzisha uzi katika jambo moja, kwa heshima. Amesema ATP "hukabidhi fosfati", nami namshukuru kwa kutosema kwamba nishati imefichwa ndani ya kifungo cha fosfati. Lakini hakueleza nishati iko wapi. Kuvunja kifungo chochote cha kemia hugharimu nishati, hakutoi. Wanafunzi wengi wanaachwa na wazo kwamba ATP ni kama baruti ndogo.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, pingamizi lako ni la haki, na nilipaswa kulieleza mwenyewe.

ATP inapokutana na maji, vifungo vinavyovunjika hugharimu, na vinavyoundwa hulipa zaidi: fosfati tatu zenye chaji hasi zilizobanana hupata nafasi, na bidhaa hukumbatiwa na maji vizuri zaidi. Hilo linatoa takriban kilojuli 30.5 kwa moli, katika hali ya kipimo ambamo ATP, ADP na fosfati zimewekwa kwa viwango sawa. Ndani ya seli hai kiasi hicho hufika 50 au kuzidi. Molekuli ni ile ile. Nyongeza hiyo inatokana na kwamba seli huweka ATP nyingi mno na ADP chache mno, mbali kabisa na mahali ambapo mmenyuko ungetulia wenyewe. Ukiiacha ATP katika chupa mpaka ifike kwenye utulivu wake, itabaki kidogo sana ya ATP, na chupa hiyo haitaweza kuendesha pampu hata moja, ingawa kila molekuli ya ATP iliyosalia ina vifungo vile vile.

Kwa maneno mengine, ATP nayo ni kutolingana kulikowekwa kwa makusudi, sawa na sodiamu iliyorundikwa nje na protoni zilizozuiliwa. Ndiyo sababu aina moja ya kutolingana inaweza kubadilishwa kuwa nyingine, na hata kurudi nyuma: protoni zikipungua upande wa pili wa utando, kile kimeng'enya cha ATP huweza kuzunguka kinyume, kikavunja ATP na kusukuma protoni.

Mchangiaji wa tatu

Mkuu, mimi ni mwuguzi. Kwa miaka yote nimewapa wagonjwa wa kuhara maji ya chumvi na sukari, na nimeona mtoto aliyekuwa macho yamezama na ngozi ukiifinya hairudi akianza kuchangamka ndani ya saa chache. Mafunzoni tuliambiwa sukari ni ya kumpa nguvu. Baada ya kusoma uzi huu nina shaka na maelezo hayo. Je, sukari ina kazi nyingine?

Mwanzisha uzi

Dada au kaka, shaka yako ni sahihi, na nakushukuru kwa kulileta jambo hili, kwa kuwa sijui mfano mwingine ambapo elimu ya utando imeokoa maisha mengi kiasi hiki.

Katika kipindupindu sumu ya bakteria huziingia seli za utumbo na kuziacha zikimwaga kloridi nje bila kukoma; sodiamu huifuata kloridi, na maji huzifuata zote mbili. Mgonjwa anaweza kupoteza lita nyingi kwa siku. Ukimpa maji matupu hayanyonywi vya kutosha, na ukimpa maji ya chumvi peke yake hali haibadiliki sana. Lakini juu ya seli hizo hizo kuna protini ambayo sumu haikuigusa, inayochukua sodiamu mbili na glukosi moja kwa pamoja na kuviingiza ndani. Haikubali kubeba kimoja bila kingine. Wazo la kwamba vitu hivyo viwili husafiri pamoja lilitolewa na Robert Crane mjini Prague mwaka 1960. Sodiamu ikishaingia, pampu zilizo upande wa nyuma wa seli, zile zile zinazotumia ATP, huisukuma kuelekea kwenye damu. Glukosi hupita mlango wake mwingine. Na maji huvifuata kwa osmosisi. Sukari katika kikombe chako ni ufunguo wa chumvi, na chumvi ndiyo inayoita maji.

Ndiyo maana vipimo vina umuhimu. Mchanganyiko uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF tangu mwaka 2002 una, kwa lita moja ya maji, glukosi gramu 13.5, chumvi ya kawaida gramu 2.6, kloridi ya potasiamu gramu 1.5 na sitrati ya sodiamu gramu 2.9. Hapo sodiamu na glukosi huwa milimoli 75 kila kimoja. Anayezidisha sukari kwa huruma anamdhuru mgonjwa, kwa sababu sukari isiyonyonywa hubaki utumboni na kuyavuta maji kutoka mwilini, na kuhara kunazidi. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis alitumia mchanganyiko wa namna hii katika kambi ya wakimbizi huko Bangaon, India, dripu zilipomwishia, na vifo vikashuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4.

Mchangiaji wa tatu

Nimeshiba, ahsante sana. Nitawaeleza wenzangu wa zamu ya usiku. Swali dogo tu: vitu vikubwa kama kolesteroli navyo vinapita kwenye protini hizo?

Mwanzisha uzi

Hapana. Kolesteroli ya damu husafiri ikiwa imefungashwa katika chembe kubwa zisizoweza kupita kwenye mfereji wowote. Utando hubonyea ndani, ukaizunguka chembe iliyoshikwa na vipokezi vyake (protini za utando zinazoishika), ukajikata na kuwa kifuko kidogo ndani ya seli. Brown na Goldstein walipata tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa kazi yao kuhusu njia hiyo. Baada ya hapo pampu za protoni hutia asidi ndani ya kifuko, nayo asidi hukifanya kipokezi kiachie mzigo wake na kurudi juu kuchukua mwingine. Hata hapo, kama unavyoona, ni tofauti ya protoni.

Mchangiaji wa nne

Mwanzisha uzi, umesema protoni zikivuja zinarudi bila kufanya kazi. Nishati yake inakwenda wapi? Nauliza kwa sababu nimeona mtandaoni watu wakiuza unga uitwao DNP wakidai unayeyusha mafuta ya mwili kwa kuivuruga mitokondria.

Mwanzisha uzi

Nishati yake inakuwa joto, na unga huo tafadhali usiuguse, wala usimruhusu mtu wako auguse.

DNP, yaani dinitrofenoli, ni molekuli inayoyeyuka kwenye mafuta ya utando ikiwa imebeba protoni. Huichukua upande mmoja, huvuka, huiachia upande wa pili, kisha hurudi kuchukua nyingine. Ni kama kutoboa ukingo wa bwawa. Elektroni zinaendelea kutiririka, tena kwa kasi zaidi, oksijeni na chakula vinaunguzwa kwa wingi, lakini kimeng'enya cha ATP hakizunguki vya kutosha, na kila kilichounguzwa kinageuka joto. Miaka ya 1930 dawa hiyo ilitumiwa nchini Marekani kupunguza unene, na ni kweli watu walikonda. Wengine waliharibika macho kwa mtoto wa jicho, na wengine walikufa kwa joto la mwili lililopanda bila kushuka, kwa kuwa dawa za kawaida za homa haziwezi kuziba tundu lililoko kwenye utando. Mwaka 1938 ilitangazwa nchini humo kuwa haifai kutumiwa na binadamu. Tofauti kati ya kipimo kinachokondesha na kile kinachoua ni ndogo mno, na bado inaua watu hadi leo.

Maumbile yenyewe yanaujua uvujaji huo, ila kwa kiasi na mahali maalumu. Mtoto mchanga hupoteza joto haraka kwa udogo wa mwili wake, na hana uwezo mzuri wa kutetemeka kama mtu mzima ili ajipashe moto. Mgongoni, katikati ya mabega yake, na kuzunguka shingo, ana mafuta ya rangi ya kahawia yaliyojaa mitokondria, na katika utando wa mitokondria hizo kuna protini inayorudisha protoni ndani bila kuzipitisha kwenye kimeng'enya cha ATP. Mtoto akihisi baridi, neva hutoa amri, mafuta huvunjwa, asidi zake huifungua protini hiyo, na protoni zinarudi zikiacha joto ambalo damu hulichukua na kulisambaza mwilini. Akipata joto, njia inafungwa. Watu wazima nao wanayo mafuta hayo kidogo, hasa shingoni na juu ya mifupa ya mtulinga.